Usikimbilie twisheni ya GRE kabla hujajipima!

ILIKUWA Jumamosi moja ya Juni 2024, saa kumi za jioni. Nimekaa zangu kibarazani nakunywa kahawa na kashata, mara nikasikia hodi. Kucheki, ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Kashika karatasi mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyetoka msibani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Vipi, kwema huko Tandika?"

"Kwema, mjomba. Ila nina jambo. Nataka uniambie ndiyo au hapana, basi."

Nikaipokea ile karatasi. Kumbe ni tangazo la twisheni. Kuna picha ya kijana kavaa joho la mahafali, anacheka meno yote nje, nyuma yake bendera ya Marekani inapepea. Wiki kumi, jioni tatu kwa wiki, ada shilingi 1,400,000, mwisho wa kulipa Jumatatu. Chini kabisa maneno manene: MATOKEO YA UHAKIKA.

Msomaji wangu, ngoja nikupe picha kamili. Binti huyu alimaliza shahada ya kwanza pale Mlimani, akajitolea miaka miwili kwenye shirika moja la afya, na sasa alikuwa anataka kwenda majuu kuchukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Kaambiwa na wenzake kwamba Marekani bila mtihani wa GRE haendi mtu, na GRE bila twisheni hapasui mtu.

Na mshiko ulikuwepo, tena taslimu. Mama yake anauza vitenge sokoni, na wiki ileile alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, shilingi milioni moja na nusu. Hela hiyo ilikuwa ya kuongeza mzigo, maana meza yake ilikuwa imebaki na vitenge vya kuhesabu kwa vidole. Lakini mama ni mama. Alimwambia binti yake: "Chukua. Mtaji Mungu atajalia, shule haingoji."

Sasa wewe ungemjibu nini? Ukisema ndiyo, meza ya dada inabaki tupu. Ukisema hapana na mtoto akachemsha, utaitwa mjomba uliyemzibia riziki hadi siku unaingia kaburini. Nikamwambia, "Mwanangu, leo sikwambii ndiyo wala hapana. Kesho asubuhi njoo, tena njoo umelala vizuri."

GRE NI MDUDU GANI?

Kwa wale ambao hawajakutana nao, GRE ni mtihani wa kuwachuja wanaoomba kusoma shahada za juu, hasa Marekani. Ukitaka uzamili hapa Mlimani hakuna atakayekuuliza habari zake. Mtihani huo ulianza mwaka 1936 kama jaribio lililohusisha vyuo vinne vikubwa vya huko: Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Siku hizi unaendeshwa na taasisi ya ETS, iliyoanzishwa mwaka 1947.

Zamani ulikuwa unakaa karibu saa nne mpaka kiuno kinalia. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, sasa hauzidi saa mbili. Unaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha yanakuja maswali 27 ya Kiingereza kwa dakika 41, na maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47. Kiingereza na hesabu kila kimoja kina alama kuanzia 130 hadi 170. Insha ina alama zake, kuanzia sifuri hadi sita.

Mwaka 2024 ada yake ilikuwa dola 220 kwa nchi nyingi za dunia. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya nusu milioni, na hapo bado hujalipa twisheni wala nauli ya daladala.

Upo pia ndugu yake anaitwa GMAT, wa wale wanaotaka shahada ya uzamili ya biashara. Huyo alianza mwaka 1954. Toleo lake jipya lilitoka Novemba 2023, linachukua saa mbili na robo, na alama zake zinaanzia 205 hadi 805.

MIMI MWENYEWE NILISHALIWA

Kabla hujaniona mbahili, nikupe siri. Mwaka 2008 nilikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nikaingiwa na tamaa ya kuwa meneja, nikajiandikisha kwenye twisheni ya GMAT. Jina la mahali silitaji, na wenyewe walishafunga zamani.

Tulikuwa watu kama arobaini katika chumba kimoja chenye feni mbili, moja mbovu. Mwalimu anasoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, sisi tunatikisa vichwa. Anayejua hesabu anachoka kusubiri, asiyejua anaona aibu kuuliza. Mimi nilikuwa kundi la pili. Nilienda kila siku, sikukosa hata moja, nikarudi nyumbani na madesa kilo nzima ambayo sikuyafungua.

Kabla ya twisheni nilijaribu mtihani wa mazoezi nikapata 480. Baada ya wiki nane nikapata 500. Alama ishirini! Nilikuwa nimekopa hela ile kazini, na nililipa kwa kukatwa mshahara miezi mitano. Mtihani wenyewe sikuufanya, moyo ulishavunjika.

Kosa langu halikuwa kulipa. Kosa langu ni kwamba nililipa bila kujua naumwa nini. Ni sawa na mtu anayeingia duka la dawa na kusema "nipe ya ghali kuliko zote".

BIASHARA HII ILIANZIA CHUMBA CHA CHINI

Twisheni za mitihani ya Wamarekani si jambo la jana. Mwaka 1938 kijana mmoja wa Brooklyn, New York, aitwaye Stanley Kaplan, alianza kufundisha wanafunzi katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake. Baadaye akaanza kuwaandaa kwa mtihani wa kuingia chuo unaoitwa SAT. Wenye mtihani wakaja juu, wakadai kwamba mtihani wao haufundishiki, eti unapima akili na si kukariri. Kaplan akaendelea kufundisha na wanafunzi wakaendelea kumiminika. Mwaka 1984 aliiuza kampuni yake kwa wenye gazeti la Washington Post.

Sasa nani alikuwa mkweli? Mwaka 1979 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilitoa ripoti na kukuta kwamba twisheni inaweza kupandisha alama, lakini si kwa kila mtu. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Colorado, Derek Briggs, alikusanya utafiti wa miaka mingi kuhusu SAT. Alikuta kwamba kwa wastani twisheni inaongeza kama alama 30 kwenye mtihani wenye alama 1600. Yaani kitu kipo, ila si muujiza wa kwenye matangazo. Na hesabu ilipanda zaidi kuliko Kiingereza.

GRE nayo ina kisa chake. Mwaka 1977 waliongeza sehemu mpya ya kupima kufikiri. Haukupita muda ikaonekana kwamba baadhi ya maswali yake yanafundishika kirahisi mno, mtu akionyeshwa ujanja kidogo tu anapaa. Mwaka 1981 ETS wakaibadilisha sehemu hiyo.

Hapo kuna somo, msomaji. Twisheni inasaidia sana pale ambapo maswali ni ya ajabu na hujawahi kuyaona. Ukishayazoea, faida inapungua. Na kuyazoea siku hizi ni bure, maana ETS wenyewe wanatoa mitihani miwili ya mazoezi kwenye intaneti bila kudai senti. Inaitwa POWERPREP.

TUKAANZA NA ORODHA YA VYUO

Jumapili saa tatu asubuhi mpwa wangu akafika na kompyuta yake ya mkononi. Nikamuuliza, "Vyuo unavyoomba ni vingapi?" Akasema vitano. "Vyote vinataka GRE?" Akanyamaza. Akajibu, "Si ndivyo wanavyosema, mjomba?"

"Nani anasema?"

"Watu."

Tukafungua ukurasa wa kila idara, tukasoma masharti yao mstari kwa mstari. Ebo! Idara mbili zinataka GRE. Mbili zinasema ukipenda leta, usipopenda acha. Moja imeandika kabisa kwamba usituletee, hatutaiangalia.

Jambo hili watu wengi hawalijui. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 na vituo vya mitihani vikafungwa, idara nyingi za Marekani ziliacha kuidai GRE, na nyingi hazijairudisha. Nyingine zimeirudisha. Ndiyo maana usisikilize ya kijiweni. Soma masharti ya idara yako, ya mwaka wako, kwa macho yako.

Binti akakaa kimya kidogo. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nataka kutoa hela yote ya mama kwa ajili ya vyuo viwili?"

Nikamwambia asubiri, hatujafika. Vyuo hivyo viwili ndivyo alivyovipenda zaidi, na ndivyo vyenye nafasi nyingi za kupunguziwa ada. Kwa hiyo mtihani ataufanya. Swali letu lilibaki palepale: twisheni au hapana?

TUKAPIMA JOTO LA MGONJWA

Nikamfungulia mtihani mmoja wa bure. Simu nikamnyang'anya, watoto nikawafukuza wakacheze nje, mlango nikaufunga. Nikamwambia afanye kama siku yenyewe, dakika zile zile, bila kuchungulia kitabu. Alitoka kafura jasho.

Kiingereza 151. Hesabu 142.

Machozi yakamlengalenga. Akaanza, "Unaona mjomba? Nalipa kesho." Nikamwambia, "Kaa chini, sasa ndiyo kazi inaanza."

Tukapitia maswali 27 ya hesabu, moja moja. Alikosa 16. Kila alilokosa tukaliweka kwenye kapu moja kati ya matatu. Kapu la kwanza, hakujua kabisa. Kapu la pili, alijua lakini muda ukamkimbia. Kapu la tatu, alijua na muda ulikuwepo, ila alisoma swali vibaya.

Makosa 11 yakaangukia kapu la kwanza, matatu la pili, mawili la tatu.

Na hayo 11 yalikuwa nini? Asilimia. Uwiano. Sehemu. Eneo la duara. Wastani. Mambo ya Form Two na Form Three! GRE haiulizi hesabu za chuo kikuu, yanaishia ya sekondari. Lakini binti alisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Hesabu aliiaga siku ya mtihani wa Form Four, na hawakuwa wameagana kwa wema.

Akaitazama ile karatasi ya makosa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Mjomba, hapa mimi sihitaji Mmarekani. Nahitaji mwalimu wa Form Two."

Yeye ndiye aliyesema, mimi nilikaa kimya.

JUMATATU TUKAENDA KUWAONA

Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Jumatatu tukaenda wote pale penye twisheni. Wakatupokea vizuri, tukapewa na maji ya kunywa. Mwalimu ni kijana mstaarabu, anajua Kiingereza mpaka raha. Si tapeli hata kidogo. Tukamuuliza maswali yetu, na majibu yake nikayaandika kwenye daftari.

Darasa lina watu wangapi? Thelathini na wawili. Mtu aliyesahau asilimia mnamfundisha? Hapana, tunaanza na maswali ya GRE moja kwa moja, misingi kila mtu aje nayo. Hayo MATOKEO YA UHAKIKA maana yake nini? Usipofikia alama unazotaka, unarudia darasa bure. Hela hairudi? Hairudi.

Halafu nikaomba kuona madesa. Kufungua, nikakuta insha mbili, ya kutoa maoni na ya kuchambua hoja ya mtu mwingine. Nikamwonyesha mpwa wangu kwa kidole. Ile insha ya pili iliondolewa Septemba 2023, na sisi tulikuwa Juni 2024! Kijana alitahayari, akasema wanasubiri vitabu vipya.

Tukaaga kwa heshima, tukaondoka.

HAPO NDIPO KASHESHE ILIPOANZA

Jioni simu ikalia. Dada.

"Wewe mdogo wangu, umesoma kwa hela ya nani?"

"Ya baba na yako, dada."

"Sasa mbona mwanangu unamzibia? Form Four tulimlipia twisheni Mchikichini, akapasua. Leo anataka kwenda Marekani unamwambia akasome na mwalimu wa mtaani?"

Msomaji, dada yangu alikuwa na hoja. Mchikichini ilimsaidia kweli. Lakini ilimsaidia kwa sababu shuleni kwao mwalimu wa Fizikia hakuwepo mwaka mzima. Kulikuwa na shimo, na twisheni ikaliziba. Safari hii shimo lilikuwa kwingine, na ile twisheni ya milioni moja na laki nne ilikuwa inamwaga kifusi pembeni yake.

Nikamweleza hivyo hivyo, taratibu. Akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Mwisho akasema, "Akikosa, utanijibu wewe." Nikasema, "Nitajibu, dada."

Nakwambia usiku ule sikulala vizuri.

BASI TWISHENI NI YA NANI?

Nisieleweke vibaya. Siwaambii watu wote waache twisheni. Ninaye mshikaji wangu mmoja, mhasibu, mwaka 2022 alilipa kozi ya GMAT kwa njia ya intaneti na hajutii hata shilingi. Huyu bwana hesabu anazijua kama jina lake. Shida yake ni kwamba akirudi nyumbani ni mpira, akitoka kwenye mpira ni kijiwe. Alikuwa amenunua vitabu miaka miwili bila kufungua. Alipolipa hela inayouma, na kukawa na mwalimu anayemsubiri saa moja jioni, akakaa chini. Kwake twisheni ilikuwa kamba ya kumfungia kitini, na ilimtosha.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, wala usijidanganye.

Lipa kama umeshajipima, umeona makosa yako mengi ni ya kapu la pili na la tatu, na umejaribu kujirekebisha mwenyewe ukashindwa. Hapo mtu wa kukuonyesha mbinu za muda anaweza kukufaa.

Lipa kama unajijua kwamba bila kusimamiwa husomi, na hela yenyewe haitoki kwenye chakula cha watoto.

Lipa kama alama zinazotakiwa ziko juu sana, wewe umeshazikaribia, na umekwama palepale kwa mwezi mzima.

Usilipe kama hujafanya hata mtihani mmoja wa bure. Usilipe kama misingi ndiyo imekutupa, maana huko kuna walimu wa bei nafuu tele mtaani kwako. Usilipe kwa sababu rafiki yako kalipa. Na usilipe kama ukishalipa hutabakiwa na hela ya mtihani wenyewe. Nimeona watu wana cheti cha kuhudhuria twisheni na hawana dola 220 za kuingilia kwenye mtihani. Ni kununua kiberiti ukakosa hela ya mkaa.

Na ukiamua kulipa, wahoji kwanza. Watu wangapi darasani? Mwalimu mwenyewe alishaufanya mtihani huo? Madesa ni ya toleo la sasa? Naweza kukaa kipindi kimoja nione kabla ya kulipa? Anayekasirika kwa maswali hayo amekwishakujibu.

Kuna na hawa wanaonong'ona kwamba wanayo maswali yenyewe, yaliyovuja. Wakimbie kama nyoka! Mwaka 2002 ETS walisimamisha GRE ya kompyuta China, Taiwan na Korea Kusini baada ya kugundua watu wanakariri maswali na kuyasambaza. Mwaka 2008 wenye GMAT walifuta matokeo ya watu 84 waliohusika na mtandao mmoja uliokuwa unauza maswali. Unalipa, unafaulu, halafu unafutiwa. Hasara mara tatu.

WIKI SITA ZA JASHO

Mpwa wangu tukamtafutia mwalimu wa hesabu wa sekondari anayekaa mtaa wa pili. Shilingi 30,000 kwa wiki, jioni tatu, wiki sita. Jumla 180,000. Mwalimu hajawahi kuiona GRE maisha yake yote, lakini asilimia anaifundisha mpaka mbuzi anaelewa.

Kiingereza alijisomea. Kila siku makala moja ndefu ya gazeti la nje na maneno kumi mapya kwenye daftari, si ya kukariri tu, kila neno analitungia sentensi yake. Insha alikuwa anaandika Jumamosi kwa saa ya ukutani, dakika 30, akizidisha namnyang'anya kalamu. Na siku zote nilimkumbusha jambo moja dogo: GRE haikati alama kwa jibu baya. Kwa hiyo ukiona muda umekwisha, jaza chochote, usiache wazi.

Haikuwa lelemama. Wiki ya tatu alikuja analia kwamba uwiano haumwingii. Wiki ya nne umeme ulikatika siku mbili, akasomea mshumaa. Mwisho wa wiki ya sita akafanya mtihani wa pili wa bure. Hesabu ikatoka 142 ikaja 151.

Septemba akaingia kwenye mtihani wenyewe, ada kalipa kwa akiba yake ya kujitolea. Akatoka na Kiingereza 154, hesabu 152, insha nne. Si alama za kutangazwa redioni. Lakini zilifikia pale ambapo vile vyuo viwili vilikuwa vinapokea watu. Na kama zisingefikia, bado alikuwa na njia. Mtihani unaruhusiwa kurudiwa baada ya siku 21, mpaka mara tano katika miezi 12. Matokeo yanadumu miaka mitano, na ni wewe unayechagua yapi yapelekwe chuoni.

VITENGE VIKALIPA VIZA

Desemba akatuma maombi kwa vyuo vyote vitano. Machi 2025 majibu yakaja. Vyuo vitatu vikamkataa. Viwili vikamkubali, na kimoja kikampunguzia ada kwa sehemu kubwa. Sasa cheka na mimi, msomaji: kimoja cha vile vilivyomkataa ndicho kilichodai GRE, na kilichompunguzia ada ni kimoja kati ya vile vya "ukipenda leta". Alama zake alikuwa amewapelekea. Kama zilisaidia au ni ile miaka miwili ya kujitolea, wao ndio wanajua.

Na mkwanja wa mchezo? Shilingi 1,220,000 iliyobaki kwenye ada ile ya twisheni, dada aliifanyia ilichokusudiwa. Alinunua mzigo wa vitenge Oktoba, Krismasi akauza wote, akanunua mwingine. Mei 2025 ikaja habari kwamba Marekani imesimamisha kupanga miadi mipya ya viza za wanafunzi. Nyumba nzima tukakosa usingizi. Juni wakafungua tena. Hapo zikahitajika dola 350 za kumsajili kwenye kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni na dola 185 za viza. Hela hizo zilitoka juu ya meza ya vitenge. Kama tungezipeleka kwenye joho la kwenye tangazo, safari ingeishia kwenye dirisha la benki.

Nawe unayejiandaa leo, habari za viza ziulize kwanza kabla ya habari za mtihani. Mwaka 2025 Marekani iliweka vikwazo vipya kwa nchi kadhaa za Afrika, na mambo hayo yanabadilika bila hodi.

Agosti 2025 tulimsindikiza uwanja wa ndege. Dada alimfungia kitenge kipya kiunoni mbele za watu wote. Halafu akanigeukia. Nikajua sasa nasomewa hukumu.

"Mdogo wangu," akasema, "yule mwalimu wa hesabu umempelekea hata soda?"

Nikasema bado.

"Basi mpelekee. Na umwambie kwangu kuna kitenge cha mkewe."

Kwa leo tuishie hapa. Kama una kijana nyumbani anayeshika tangazo la namna ile, usimwambie ndiyo wala hapana. Mkalishe mezani, mfungulie mtihani wa bure, mhesabu makosa wote pamoja. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.